Shanga za Pemba na Mwanga Usioonekana

Mvua za masika zikishakata, ukipita kwenye makonde ya muhogo baina ya Tumbe na Chwaka, kaskazini mwa Pemba, utaona ardhi imetoa vilivyokuwa tumboni mwake. Vigae vya vyungu, maganda ya kombe, vipande vya magudulia yenye rangi ya feruzi, na mara moja moja ushanga wa kioo wa milimita 3 au 4: wa buluu, wa manjano, wa kijani, au wa ule wekundu mzito wa tofali. Watoto wanaokwenda skuli huuokota. Mimi nimefundisha fizikia kisiwani hapa sehemu kubwa ya maisha yangu, na karibu kila mwaka hutokea mwanafunzi akaja na ushanga mfukoni, akaniuliza, "Mwalimu, hii imetoka wapi?"

Swali hilo lina thamani kuliko mengi tunayoyatunga kwenye mitihani. Jawabu lake limo ndani ya ushanga wenyewe, ila jicho halilisomi. Shanga mbili za buluu zinaweza kukaa kiganjani usijue ipi ni ipi, kumbe kioo cha moja kiliyeyushwa Sri Lanka na cha nyingine Iraki, na baina yao imepita karne nzima. Kinachozitenga ni mwanga ambao macho yetu hayakuumbiwa kuuona. Upo wa namna mbili utakaotushughulisha hapa: urujuanimno, ulio ng'ambo ya rangi ya urujuani katika upinde wa mvua, na eksirei, iliyo mbali zaidi ya hapo.

Kwanza tujue shanga zilimkuta nani. Tumbe ulikuwa mji wa Waswahili wa mwanzo, ukikaliwa tangu karne ya 7 hadi katikati ya karne ya 10. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba hapo na Chwaka katika miaka ya mwanzo ya 2000, na miongoni mwa waliyoyapata ni maelfu ya vigae vyenye michirizi. Michirizi hiyo ilitokana na kusugua vipande vya kombe mpaka vikawa shanga. Kwa maneno mengine, Wapemba wa wakati ule walikuwa mafundi wa shanga kabla shanga za kioo hazijatapakaa pwani. Tumbe ulipohamwa, baada ya vizazi kadhaa ukainuka Chwaka pembeni yake, mji wa misikiti ya mawe na makaburi, likiwemo la Haruni ambaye masimulizi yetu yanamtia katika ukoo wa Mkama Ndume wa Pujini. Upande wa magharibi wa kisiwa kuna Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 kundi la Mark Horton lilifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha. Na kuna Ras Mkumbuu, inayodhaniwa na wanazuoni kadhaa kuwa ndiyo Qanbalu aliyoitaja al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani hii mara ya mwisho mwaka 916.

Miji yote hiyo iliishi kwa pepo mbili, kaskazi na kusi. Kaskazi ilileta vyombo vilivyopakia nguo, vyungu vya kung'arishwa na shanga. Jahazi haziachi alama baharini. Ushanga unaacha.

*

Kioo ni mchanga uliolazimishwa. Mchanga safi wa silika huyeyuka kwenye joto linalopita nyuzi 1,700 za Selsiasi, na tanuri za kale hazikulifikia. Kwa hiyo mafundi waliuchanganya na kitu cha kuushusha. Wamisri walitumia magadi ya bondeni, ndugu wa haya magadi tunayoyatia kwenye kunde. Mafundi wa Iraki na Uajemi walichoma mimea ya ardhi ya chumvi wakatumia majivu yake. Wahindi na watu wa Sri Lanka walikusanya chumvi inayotokeza juu ya udongo wakati wa kiangazi. Kila mmoja alichota mchanga wa kwao na soda ya kwao, na yote hayo yakaingia katika kioo na hayakutoka tena.

Yanaingia kwa sababu kioo si fuwele. Katika fuwele, kama chumvi ya mezani au almasi, atomu zimesimama kwa nafasi zilizopimwa, na mpangilio uleule unajirudia mwanzo hadi mwisho. Fikiria safu za swala ya Ijumaa. Kioo ni watu walewale dakika tano baada ya salamu, wakiwa bado uani mwa msikiti: kila mmoja amesimama na jirani zake wawili watatu wanaojuana, lakini huwezi kumwona mmoja ukatabiri aliko wa kumi. Wataalamu huiita maada ya namna hii amofasi. Mwaka 1932, William Zachariasen, Mnorwei aliyekuwa akifundisha Chicago, aliandika kwamba katika kioo kila atomu ya silikoni imezungukwa na oksijeni 4 kama ilivyo kwenye fuwele, ila viungo vya vikundi hivyo vimepinda ovyo, bila kurudia. Eksirei ikipitishwa kwenye fuwele hutoka imegawika katika madoa makali yaliyopangika, jambo lililoonekana mara ya kwanza mwaka 1912 katika jaribio la Max von Laue huko Ujerumani. Ikipitishwa kwenye kioo hutoa duara pana lililofifia, basi. Ukiona duara hilo, umejua kwamba kitu ulicho nacho hakina mpangilio.

Mimi naona hapa ndipo penye utamu wa habari hii yote. Fuwele ni kitu cha kuchagua: atomu isiyolingana nafasi inasukumwa nje, na ndiyo maana chumvi ikijengeka polepole huwa safi kuliko maji iliyotokamo. Kioo hakichagui. Chuma kidogo cha mchangani, urani kidogo iliyotoka kwenye mawe ya mlimani, kobalti aliyoitia fundi kwa makusudi, vyote vinapata pa kukaa na vinabaki humo miaka elfu. Kukosa mpangilio kwake ndiko kulikokifanya kiwe shahidi.

*

Urujuanimno uligunduliwa mwaka 1801 na Johann Ritter, kijana wa Jena, alipoweka karatasi yenye chumvi ya fedha kwenye mwanga uliogawanywa rangi, akaona inaiva nyeusi kwa haraka zaidi pale mbele ya urujuani, mahali ambapo jicho halioni kitu. Mwanga tunaouona una mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hivi hadi 700. Chini ya 400 ndiko uliko urujuanimno.

Darasani ninauonyesha kwa tochi ndogo ya kukagulia noti, ile wanayokuwa nayo wafanyabiashara pale Wete na Chake Chake. Unaimulika noti halali, na alama zilizofichwa zinawaka. Halafu unaweka kipande cha kioo cha dirisha baina ya tochi na noti. Alama zinaendelea kuwaka: kioo kimepitisha. Unaondoa kioo, unaweka chupa ya dawa ya rangi ya kahawia. Giza. Vyote viwili ni kioo, vyote vimetengenezwa kwa mchanga na soda, ila katika chupa kuna chuma na salfa zilizoungana kwa namna inayomeza urujuanimno wote na buluu pia, ndiyo maana dawa zinazoharibiwa na mwanga hutiwa humo. Wanafunzi hunyamaza kidogo, kisha wanaanza kutoa vitu mifukoni kutaka kujaribu.

Maabara hufanya jambo hilohilo, lakini kwa kupima. Chombo kiitwacho spektromita hutuma mwanga wa urefu mmoja wa wimbi baada ya mwingine, labda kuanzia nanomita 200 hadi 800, na kwa kila mmoja kinaandika ni kiasi gani kimepita na kiasi gani kimemezwa. Matokeo ni mchoro wa mstari wenye mabonde na vilima. Kobalti ndani ya kioo huacha mabonde matatu, karibu na nanomita 540, 590 na 650, na hayakosei. Sehemu ndogo mno ya kobalti, hata chini ya moja kwa elfu, inatosha kuupa ushanga buluu iliyokolea. Shaba huleta feruzi. Chuma kina tabia mbili: kikikosa oksijeni ya kutosha tanurini huwa cha kibuluu na humeza joto lisiloonekana, kikipata oksijeni nyingi huelekea manjano na humeza urujuanimno kwa pupa. Kwa hiyo mchoro mmoja unakuambia metali iliyomo na pia jinsi moto wa tanuri ulivyopumuliwa.

Wekundu wa tofali ni habari nyingine. Shaba ile inayotoa feruzi, ukiinyima hewa, hugeuka chembe ndogo sana zilizoelea ndani ya kioo na kuuzuia mwanga usipite. Hapo spektromita haipimi kinachopita, kwani hakuna, inapima kinachorudi.

Na silika safi, isiyo na soda wala chuma? Hiyo hupitisha urujuanimno mpaka karibu nanomita 170, ambako hata hewa yenyewe huwa kizuizi, na vipimo hufanywa ndani ya ombwe. Kioo cha dirisha huanza kufunga mlango mapema, karibu na 300. Lakini mlango wa kioo haufungwi kwa kishindo. Katika fuwele safi ukingo wa kumeza mwanga ni mkali, na katika amofasi una mkia mrefu unaoteremka taratibu, kwa kuwa elektroni hazikuta mazingira yanayofanana kila mahali. Franz Urbach aliueleza mkia wa namna hiyo mwaka 1953. Mwaka 1966 Jan Tauc wa Prague, pamoja na wenzake, alitoa njia ya kuusoma mchoro wa maada za amofasi ili kupata nishati inayohitajika kuiachisha elektroni mahali pake, na njia hiyo inafundishwa hadi leo katika kila maabara ya utando mwembamba duniani.

*

Wilhelm Röntgen alipoigundua eksirei mnamo Novemba 1895, alijaribu kuipinda kwa prizimu na kwa lenzi. Haikupinda. Leo tunajua sababu. Mwanga wa kawaida ukiingia kwenye kioo hupunguza mwendo mara 1.5 hivi, ndiyo maana ufito uliotumbukizwa katika bilauri ya maji huonekana umevunjika, maana maji nayo hufanya hivyo. Kwa eksirei, kipimo hicho cha kupinda ni pungufu ya 1 kwa sehemu chache tu za milioni. Upungufu huo mdogo una faida yake: eksirei ikiuparamia uso wa kioo kwa pembe iliyolala sana, chini ya robo ya nyuzi, haiingii, inaruka kama iliyogonga kioo cha kujitazamia. Kwa kuibadilisha pembe hiyo kidogo kidogo, mtaalamu hupima unene wa tabaka lililo juu ya kioo, hata likiwa la nanomita chache. Kioo kilichozikwa kwenye udongo wenye maji kwa miaka mingi huwa na tabaka la namna hiyo: sodiamu imetoka, maji yameingia.

Kwa shanga, hata hivyo, kazi kubwa ya eksirei ni kuwafanya atomu waseme majina yao. Eksirei ikiipiga atomu huitoa elektroni ya ndani kabisa. Nyingine ya nje huanguka kujaza pengo, na katika kuanguka hutoa eksirei mpya yenye nishati maalumu ya metali ile. Henry Moseley, Mwingereza, alionyesha mwaka 1913 kwamba nishati hizo zinapanda kwa hatua kutoka elementi moja hadi nyingine. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na umri wa miaka 27. Kazi yake inaishi. Kwa kizio cha kiloelektronivolti, chuma hujibu kwa 6.4, kobalti 6.9, shaba 8.0, risasi 10.5, bati 25.3. Ushanga wa manjano ukijibu kwa risasi na bati pamoja, umejua rangi yake imetoka wapi, na hujauvunja wala hujaukwaruza.

Mashine hii si ngeni nchini. Mpwa wangu anafanya kazi ya madini Geita, na nilipomtembelea alinipeleka kwenye soko la madini, mojawapo ya masoko yaliyofunguliwa na serikali mwaka 2019. Nikamwona kijana akiweka kipande cha dhahabu chini ya mashine ya eksirei, na kabla muuzaji hajamaliza kusalimiana na watu, kiwambo kimeshaandika asilimia ya dhahabu, ya fedha, ya shaba. "Mjomba, hii ndiyo inayotuamulia ugomvi," mpwa wangu akanambia. Niliitazama nikafikiria shanga za Chwaka.

Ina mpaka wake. Eksirei ya sodiamu ni dhaifu, kiloelektronivolti 1.04 tu. Haivuki milimita chache za hewa kabla ya kumezwa, na inatoka kwenye ngozi ya juu kabisa ya kioo, ile ile iliyokwisha kulika udongoni. Na sodiamu ndiyo nguzo ya habari, kwani swali la kwanza ni: soda ya nani? Kwa hiyo wachunguzi wa shanga hutumia njia ya pili pamoja na hii. Leza hutoboa tundu lisilozidi sehemu ya kumi ya milimita, mvuke unaotoka hupelekwa kwenye gesi yenye joto kali, na atomu hupimwa uzito mojamoja. Maabara ya Laure Dussubieux katika Field Museum, Chicago, imepima maelfu ya shanga za Bahari ya Hindi kwa namna hiyo.

Na yaliyosomwa ni haya. Mwaka 2017 Marilee Wood na wenzake walichapisha uchunguzi wa shanga za Unguja Ukuu na Fukuchani, miji ya Unguja iliyoishi wakati mmoja na Tumbe. Yakaonekana makundi mawili makubwa. La kwanza ni kioo chenye alumini nyingi na soda ya ardhini, cha Sri Lanka na huenda India ya kusini. La pili ni kioo cha majivu ya mimea, ambacho hujulikana kwa magnesiamu kuzidi asilimia 1.5 hivi, na sehemu yake kubwa inaelekea Mashariki ya Kati. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa na Dussubieux na wenzake mwaka 2008, ulitenganisha kioo cha India ya magharibi kilichofika Afrika Mashariki tangu karne ya 9: hicho kina urani nyingi kuliko cha Sri Lanka, na bariamu kidogo. Fundi aliyechota mchanga ule hakujua kama kuna kitu kinaitwa urani. Mchanga ulijua.

Bara letu nalo lina kioo chake. Huko Igbo Olokun, Ile-Ife, Nigeria, vipimo vya namna hii vilionyesha kioo chenye chokaa nyingi na alumini nyingi ambacho hakifanani na cha India, cha Uarabuni wala cha Ulaya. Abidemi Babatunde Babalola na wenzake walihitimisha kuwa kilitengenezwa hapohapo, kuanzia karne ya 11. Kabla ya hapo wengi walishika kwamba kila ushanga wa kioo uliokutwa Afrika Magharibi umetoka nje. Vipimo ndivyo vilivyowarudishia mafundi wa Ife haki yao.

*

Nirudi kwenye fizikia kidogo, kwani kuna jambo ambalo vitabu vya skuli hulipita. Tunawafundisha watoto mwanga wa kuonekana katika sura moja, urujuanimno katika nyingine, na eksirei katika sura ya hospitali, utadhani ni vitu vitatu. Ni kitu kimoja. Hendrik Kramers na Ralph Kronig walionyesha katika miaka ya 1926 na 1927 kwamba ukijua maada inameza kiasi gani katika mawimbi yote, marefu na mafupi, unaweza kukokotoa inapinda mwanga kiasi gani katika wimbi lolote. Kipimo cha kupinda cha kioo cha miwani yako kwenye mwanga wa mchana kimeamuliwa, kwa sehemu kubwa, na yale elektroni zake zinayoyafanya kwenye urujuanimno. Anayetaka kukijua kioo barabara hawezi kukipima kwa taa ya rangi moja akaishia hapo.

Ujuzi huu upo karibu nasi kuliko watu wanavyodhani. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikitengeneza na kupima utando mwembamba wa vioo kwa miaka mingi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka wa Dar es Salaam, pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Uppsala, walichapisha kazi kuhusu utando wa oksaidi ya vanadi uliochanganywa na magnesiamu: ukipashwa joto huzuia miali ya joto, ukipoa huipitisha, na magnesiamu huuongezea uwezo wa kupitisha mwanga wa kuonekana. Dirisha la namna hiyo lingefaa sana nchi yenye jua kama yetu. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba spektromita na mikono inayoijua tunayo.

Kwa sisi wa kisiwani kuna faida ya papo kwa papo pia. Kina mama wanaolima mwani husimama saa nyingi kwenye maji ya kupwa, jua likiwapiga kutoka juu na likirudi kutoka chini. Wengine huvaa miwani myeusi ya bei ndogo. Weusi wa kioo si kinga. Miwani inaweza kupunguza mwanga wa kuonekana, mboni ya jicho ikafunguka zaidi, huku urujuanimno unapita kama kawaida, na urujuanimno ni mojawapo ya visababishi vya mtoto wa jicho. Chukua tochi ya noti, weka lenzi ya miwani mbele yake, mulika noti. Alama zikiendelea kuwaka vizuri, miwani hiyo haikulindi. Zikizimika, ni dalili njema, ingawa kipimo kamili ni cha maabara. Lenzi za plastiki ya polikaboneti, ambayo nayo ni amofasi, huzizima hata zikiwa nyeupe pe. Usiimulike tochi hiyo machoni mwa mtu, na mtoto asiichezee.

*

Shanga zilizochimbwa na wataalamu zilipimwa kwa ruhusa na kwa utaratibu, na matokeo yake yamo katika majarida ya kigeni ambayo mzee wa Tumbe hatayaona. Siwalaumu waliopima, bila wao tusingejua lolote. Lakini nasema wazi kwamba kisiwa ambacho kilikuwa na mafundi wa shanga miaka 1,300 iliyopita kinastahili kuwa na mashine moja ya eksirei ya mkononi na spektromita moja, pale makumbusho ya Chake Chake ndani ya ngome kongwe, au katika chuo chetu kimojawapo, na vijana wawili waliofunzwa kuzitumia. Jordani, kwa kushirikiana na majirani zake, ilifungua mwaka 2017 sinkrotroni ya SESAME, mtambo mkubwa wa kuzalisha eksirei kali. Afrika bado haina wa kwake. Sisi hatuombi mtambo huo. Mashine inayoamua ugomvi wa dhahabu Geita inatosha kuanzia.

Wakati tukingoja, ipo kazi ya kila mmoja. Ushanga uliotolewa shimoni bila kuandikwa umetoka wapi na kina gani hupoteza nusu ya ushahidi wake, na mashine yoyote ile haitaurudisha. Ukiwa unalima Tumbe, Chwaka, Mtambwe, Pujini au Ras Mkumbuu ukakutana na ushanga, usiusugue kwa mchanga upate kung'aa, usiutunge uzini, usimuuzie mgeni. Tabaka unalolisugua ndilo linalopimwa. Uache pale ulipo, weka alama ya kijiti, mwambie sheha wako, naye awapelekee habari Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Na wewe mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuletea ushanga mfukoni, mwulize kwanza aliuokota wapi, liandike jina la konde na la siku, kisha nendeni pamoja mkaikabidhi Idara vyote viwili, ushanga na karatasi.